Ukingo wa Muhuri wa Mzee Wabwire

Kwenye kadi nne za kwanza, mwanamke alikuwa amempa Filister mgongo. Kwenye kadi ya tano alikuwa amegeuza shingo.

Filister aliinua muhuri, akaupangusa, akaukagua. Mwanamke wa mpira alikuwa vilevile alivyochongwa: mgongo, leso, nywele mpaka kiunoni. "Aki macho yangu yamechoka," akajiambia, akaendelea na kazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Alikuwa akitengeneza kadi za harusi na za pole humo chumbani mwake, Kawangware, na picha zote alizipiga kwa mihuri ya mpira. Sanduku zima la mihuri aliuziwa na mkaza mwana wa mzee Wabwire, fundi wa kuchonga kule Kibera, mzee mwenyewe akiwa ameenda ushago, kijijini kwao. Mihuri yote ilikatwa vizuri isipokuwa huu mmoja, ulioachwa na ukingo mnene wa mpira kuzunguka picha yote. Ukingo kama huo hushika wino ukachafua kadi, na Filister, jamani, kazi chafu ilimkera kuliko njaa! Asubuhi hiyo alichukua wembe, akaulaza kidogo kwa nje ili mpira ubaki mpana chini, na mguu wa kusimamia, akauondoa ukingo wote, karibu kabisa na picha. Alijisifu sana.

Kadi ya tisa, mwanamke alionyesha shavu. Chumba kikaanza kunuka mpira ulioungua, na chini ya harufu hiyo, nyingine ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwa beseni. Kadi ya kumi ilitoka nyeupe. Filister akaongeza wino, akagandamiza, ikatoka nyeupe tena. Alipogeuza muhuri, mpira ulikuwa laini, hauna picha.

"Mum," akaita Adhis, binti yake wa miaka sita, aliyekuwa amelala na homa nyuma ya pazia. "Ni nani huyu ananipapasa?"

Filister alivuta pazia asione mtu, akaona tu mkono wa mtoto, na juu ya ngozi, chini kidogo ya kiwiko, yule mwanamke kwa wino mweusi, uso wote sasa ukimtazama yeye, na alipotema mate akasugua, akaleta sabuni akasugua, mtoto akilia, picha haikufifia bali ilianza kupanda polepole, bila haraka yoyote, ikapita kiwiko ikielekea begani.

Alimpigia simu mzee Wabwire, akamweleza.

"Ulikata ukingo?" mzee akauliza, sauti chini.

"Nilikata, mzee. Ulikuwa unachafua kadi."

"Yesu wangu! Huo ndio ulikuwa ukuta wake. Nilihangaika mwaka mzima kulifungia hilo jini."

Kwa bahati alikuwa amesharudi mjini. Alifika kwa bodaboda jua likiwa bado juu, na kalamu na chupa ya wino mfukoni. Mikono yake ilitetemeka kwa uzee.

"Utachora wewe," alinong'ona. "Lizungushie mstari lisifike moyoni. Lakini huku chini, upande wa vidole, acha nafasi. Nitaomba, litokee hapo. Umenisikia, Mama Adhis? Usifunge. Wino huu ukishakauka hautoki."

"Nimesikia."

Mzee akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kisamia, lugha ya kwao. Filister akachora, na mkono wake haukuyumba, ulipita begani, ukateremka ukifuata nywele, leso, miguu, sawasawa, safi, mkono uliozoea miaka kumi na moja kuzungushia kila picha bila kuacha kasoro, na ulipofika kwenye ile nafasi ukaona mstari uliokatika, kazi mbaya, na kabla akili haijaukataza, ulishaunganisha.

Maombi yakakatika.

"Mama Adhis," mzee akasema. "Nafasi iko wapi?"

Filister alipiga ukemi. Alisugua kwa leso, kwa kucha, mpaka ngozi ikawa nyekundu, na wino ukabaki palepale.

Adhis alikuwa ameacha kulia. Aliinua mkono kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku, akiukagua mstari.

"Umechora vizuri," alisema, kwa sauti ya mwanamke mzima. "Lakini humu ndani tumebanana. Mwambie mtoto asonge."