Mapipa ya Shimo la Tatu

Mkaguzi aliyetumwa kupima usalama wa ghala la madini ya kimkakati ya taifa aliegemeza goti kwenye pipa dogo, nalo likayumba. Pipa la madini yale, kwa uzito wake, halipaswi kutikisika. Lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri kwenye mfuniko, ilikuwa nzima. Lakini walipoufungua, ndani mlikuwa na mchanga wa mtoni.

Mlinzi mwenye funguo alitiwa pingu hata kabla ya chai.

"Hapa hatoki mtu bila kupekuliwa, dada," alijitetea. "Mifuko, buti, hata kofia."

"Na Mama Lakiri?"

Huyo ndiye aliyefunga mapipa yote kwa lakiri. Siku hiyo hakufika kazini.

Mlinzi alitazama pingu zake. "Yule ni mama yetu. Mimi nitie mkono kwenye chombo cha chakula cha mama mtu mzima? Huwa namtania tu: 'Mama, mbona unarudi na kizito kuliko ulichokuja nacho?' Naye hucheka."

Mkaguzi alirudi ghalani. Lakiri ya mapipa mengine ilikuwa imefifia kwa vumbi. Ya mapipa ya Shimo la Tatu iling'aa. Tena madini ya shimo hilo ndiyo yaliyokuwa hafifu kuliko yote. Mwizi gani huyaacha yaliyo bora mlangoni?

"Shimo hilo lina nini?" alimuuliza meneja.

"Liliporomoka likafukia watu. Hawakutolewa. Baadaye mashine zilichimba kutokea upande wa pili, kazi ikaendelea."

Mkaguzi alimfuata Mama Lakiri nyumbani kwake. Nyuma ya jiko palikuwa na tuta jeusi lililozungushiwa mawe. Juu yake palikuwa na kofia ya mgodini.

"Karibu, mwanangu. Nilisikia wakaguzi wanakuja."

"Mlinzi amekamatwa kwa ajili yako, mama. Uliyauza kwa nani?"

"Kijana wa watu," mama alisema polepole. "Hilo sikulitaka." Akaketi kando ya tuta. "Niyauze? Mwanangu alifukiwa mle. Niliambiwa shimo limefungwa. Kisha yakaja mapipa yameandikwa Shimo la Tatu, nikapewa niyatie lakiri. Nikayatia, kwa mkono huu huu. Sasa ningemzika wapi?"

Mkaguzi aliitazama kofia ile ya mgodini. Akajikaza. "Ni mali ya taifa, mama. Lazima irudi."

"Najua. Ila niache nichimbe mwenyewe. Wageni walishamchimba mara moja."

Alichimba kwa mikono. Alasiri, ghalani, madini yaliporudishwa mapipani, mlinzi aliyefunguliwa pingu ndiye aliyelishika pipa lisiyumbe, Mama Lakiri akimimina lakiri kwa mara ya mwisho. Mkaguzi hakumharakisha.

Walipofika langoni, askari wakimngoja nje, mama alisimama akanyoosha chombo chake cha chakula.

"Pekua, mwanangu. Ndiyo kazi yako."

Mlinzi alimtazama mkaguzi, kisha akainamisha kichwa, akakifunua. Kilikuwa kitupu, kimesuguliwa kikatakata.