Vidudu Kumi na Viwili vya Uzi Mwekundu

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Kaka yangu alisimama mlangoni pa chumba chetu cha kazi, kikombe cha chai mkononi, akinitania.

"Bibi Upesi, leo unafunga vidudu au unafunga safari?"

"Vyote viwili, kaka. Wewe kunywa chai yako."

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Yeye alivua samaki aina ya trauti mtoni, mimi nilimtengenezea chambo. Trauti mkubwa hapandi juu ovyo. Hukaa chini kwenye mawe, akila vijidudu vichanga vya majini ambavyo havijaota mabawa. Sisi tulikuwa tukiviiga. Unabana ndoana kwenye jiliwa ndogo, kile chuma cha kubania chenye meno na mpini wa kukaza, unaizungushia waya wa madini mazito ya risasi ili izame, halafu unafunika yote kwa manyoya ya sungura na uzi. Kikishakamilika, kizito na chepesi vinafanana kama mapacha. Kwa hiyo kaka aliweka sheria: chenye risasi ndani kimalizwe kichwani kwa uzi mwekundu, kisicho nayo kwa uzi mweusi. Mtu aliye ndani ya maji hana muda wa kupima. Anatazama rangi, anaamini.

Siku ile alitaka vizito kumi na viwili, kwa ajili ya kile kina kirefu chini ya daraja. Nafungua droo, waya umekwisha. Hata kipande hakikubaki. Dukani ulikuwepo, mwendo wa robo saa tu. Lakini nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kusikika kuliko kutumika. Nikavifunga vyote bila risasi, nikavimaliza kwa uzi mwekundu. Nikajiambia, samaki ana mizani?

Mvuvi mwenzake, tunayemwita Kofia, ndiye aliyetusimulia. Kaka alirusha, kidudu kikaelea katikati ya maji. Akasogea hatua moja ndani zaidi. Akarusha tena. Hatua nyingine. Maji yakamfika kifuani.

"Hakifiki chini," alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mbona hakifiki chini?"

Kisha jiwe likateleza chini ya mguu wake, mto ukamchukua.

Walimpata siku ya pili. Kikasha chake kilikuwa bado mfukoni, na ndani vidudu kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilikwenda na mto. Nilikificha kikasha kabla mtu hajakifungua.

Nikanyamaza. Hata mkewe, wifi yangu, alipolia kwa hasira, nilinyamaza.

"Mto ule aliujua kama kiganja chake," alikuwa akisema. "Kilichompeleka kule ndani ni nini? Alituchoka, wifi. Sema tu. Alituchoka, mimi na wanawe."

Akaigeuza picha ya mumewe, ikatazama ukuta. Mimi nikampangusa machozi, kwa mikono hii hii.

Wiki ya tatu niliingia chumba cha kazi kuchukua mkasi. Kwenye jiliwa kulikuwa na kidudu. Kichwa chekundu. Kilikuwa kinadondosha maji.

Nikakitoa. Kizito. Nikakipasua kwa wembe, nikafumua uzi. Ndani kulikuwa na mizunguko kumi na miwili ya risasi, imebanana vizuri, imezungushwa kuelekea kushoto. Mimi natumia mkono wa kulia. Kaka alitumia wa kushoto.

Nikakimbilia kikasha. Vilikuwa vimebaki kumi.

Kesho yake, kingine. Kikashani tisa. Nikafunga mlango, ufunguo nikauvaa shingoni. Kingine. Nikasali mpaka sauti ikakauka. Kingine. Wala hakikuwa kisasi, na hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa anarekebisha kazi yangu. Kimoja kimoja, bila kunigombeza, kama alivyonifundisha nilipokuwa msichana mdogo.

Kikasha kilipobaki kitupu, nilikaa mbele ya jiliwa mchana kweupe. Nikaitazama. Mpini ukazunguka. Taratibu. Hakuna mkono. Meno ya jiliwa yakaachana, yakabaki wazi. Yanasubiri.

"Kaka," nikanong'ona. "Kimebaki kimoja. Sinacho."

Mlango ukagongwa.

Alikuwa wifi, kiganja wazi, uso umempauka.

"Nimekikuta juu ya foronya yangu," alinong'ona. "Kimelowa."

Akakipimapima kiganjani. Mke wa mvuvi hafundishwi.

"Uzi mwekundu, wifi. Mbona chepesi?"

Naungama: hata pale nilitaka kudanganya. Nyuma yangu jiliwa ikalia, chuma juu ya chuma. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, mpaka kwaya.

Hakunipiga. Aliketi sakafuni polepole, kama mtu mzee.

"Kwa hiyo alikuwa anatafuta chini tu," alisema.

"Ndiyo, wifi."

"Hakutuchoka."

"Hakuwachoka."

Akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mazishi. Jioni aliigeuza picha, ikatazama chumba. Mimi hajanisemesha tangu siku hiyo, na ana haki.

Kidudu aliniachia. Nilikifumua, nikakizungushia risasi mwenyewe, mizunguko kumi na miwili, nikakifunga upya. Asubuhi nikakuta waya umelala mezani, umenyooshwa, na kidudu ni chepesi kama mwanzo. Nikarudia. Ikawa vile vile. Mara saba. Nikaacha.

Sasa nimekiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo, kwenye ule wimbo tuliofanyia mazoezi siku ile. Ni mwaka wa nne. Kurasa nyingine zote ni kavu. Ule mmoja, kila nikiufungua, unanilowesha vidole, na maji yenyewe ni ya baridi, yananuka mawe ya mtoni.