Karatasi ya Kaki Kati ya Mstaafu na Jogoo

Kaka yangu alikuwa fundi vioo. Nusu ya madirisha ya mtaa wetu aliyaweka yeye. Hakunywa pombe, hakucheza kamari. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: mijusi.

Sisemi wale wa ukutani. Hawa walikuwa mijusi wa kufugwa, wafupi, wenye mikia minene na madoa meusi kwenye ngozi ya njano. Aliwatengenezea masanduku matatu ya kioo, akayapanga sebuleni. Dume mzee alimwita Mstaafu, kwa sababu alilala kutwa. Dume kijana alimwita Jogoo. Jike alimwita Malkia. Mimi niliwaogopa wote watatu bila ubaguzi.

Kila asubuhi wifi yangu alichemsha chai, na kaka akawapa mijusi nyenje, mmoja mmoja, kwa kibanio.

"Mume wangu ana wake wawili," wifi alizoea kusema. "Mimi na Malkia. Tena Malkia ndiye anayelishwa mdomoni."

Kaka alicheka kila mara, utadhani hajawahi kuusikia utani huo.

Kisha homa ya mapafu ikamshika. Alilazwa, na hali ikageuka upesi mno. Siku ya mwisho alimshika mkewe mkono, akasema, "Wanyama wangu wasife." Hakusema wafanyiwe nini ili wasife. Pumzi zilikuwa zimemwishia.

Tulimzika. Watu walirudi makwao, nikabaki mimi na wifi na binti yao. Nyumba ilikuwa kimya hadi unasikia nyenje wakitembea kwenye kopo lao.

"Ameniachia kazi moja, wifi," aliniambia. "Moja tu. Nikishindwa hii, mimi ni mke wa namna gani?"

Akawalisha kama alivyomwona mumewe akiwalisha. Akawabadilishia maji. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka siku alipoamua kusafisha.

Kati ya sanduku la Mstaafu na la Jogoo kulikuwa na karatasi ya kaki. Kaka aliibandika mwenyewe kwenye kioo. Ilikuwa imechakaa na kuingia madoa ya maji.

"Fundi vioo mzima," wifi alisema, "halafu kioo chake kinazibwa kama dirisha la choo!"

Aliibandua. Akaosha kioo kwa sabuni, akakipangusa kwa gazeti kavu hadi usingejua kama kipo. Nilimsifu.

Baada ya hapo Mstaafu aliacha kulala. Alishinda kwenye kile kioo, amejiinua juu ya miguu, mgongo ameupinda, mkia unayumba polepole. Upande wa pili Jogoo alifanya vilevile. Nyenje walipita mbele ya pua zao na hakuna aliyewagusa. Mkia wa Mstaafu ukaanza kukonda.

Wifi aliwatazama sana, akasema, "Wanatamaniana hawa. Wewe uko peke yako chumbani kwako, mimi peke yangu kwangu, mtoto hasemi na mtu. Hata mijusi nao wakae peke yao?"

Nami nikajibu, "Wewe ndiye unayewajua."

Alimbeba Mstaafu kwa mikono miwili, akamweka kwenye sanduku la Jogoo.

Jogoo alitetemesha ncha ya mkia, ikatoa sauti ya punje za mchele kwenye kopo. Akamrukia mwenzake, akamshika shingo.

"Mama, anamng'ata," binti alisema.

"Wanacheza. Baba yako alipompeleka Malkia kwa Mstaafu ilikuwa hivihivi. Mkia unatetemeka, shingo inashikwa, halafu wanatulia. Waache wazoeane."

Tukaenda jikoni kuchambua mchele. Hatukukaa sana. Tulisikia mlio mwembamba, mkali, ambao sikujua kama mjusi anaweza kuutoa. Binti ndiye aliyefika kwanza. Mkia wa Mstaafu ulikuwa umekatika, unajirusha wenyewe pembeni. Jogoo alikuwa amemng'ang'ania tumboni. Wifi alipowatenganisha vidole vyake navyo vilitoka damu.

Tulimkimbiza Mstaafu kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mnene aliyekaa nyuma ya mtaa. Watu walimwita Mama Ng'ombe kwa sababu ya wagonjwa wake, naye hakujali. Alimsafisha Mstaafu vidonda na kumpa dawa.

"Mkia si kitu, utaota mwingine," alisema. "Tumbo ndilo linalonitia wasiwasi."

Mstaafu alikufa asubuhi iliyofuata, kwenye taulo, mapajani mwa wifi. Mimi niliyemwogopa siku zote nilimlilia. Wifi hakulia. Alikaa tu.

Daktari alikuja mchana kumjulia hali mgonjwa wake. Alipoliona lile taulo akavuta kiti.

"Pole, mama."

"Usinipe pole, daktari. Nimemuua mimi. Aliniomba jambo moja, nikalifanya kinyume."

"Ulitaka wapate mwenzi. Watu wengi hufikiri hivyo. Lakini madume wawili wa mijusi hawa hawakai sanduku moja, hata kama ni ndugu. Kila mmoja anataka eneo lake na jike wake. Mdogo akipata nafasi ataua."

"Lakini walikuwa wanatafutana. Walishinda kwenye kioo."

"Walikuwa wanatishana. Hebu fikiria mwizi amesimama dirishani kwako mchana na usiku. Utakula? Utalala? Ile karatasi ya kaki ilikuwa ukuta wao. Mimi ndiye niliyemshauri marehemu aibandike, alipoona hawali."

Wifi alifunika uso kwa viganja. "Na kung'ata shingo? Malkia naye alikuwa aking'atwa."

"Jike aliye tayari hutulia. Dume humshika shingo kidogo, wanapandana, wanaachana. Madume wakigombana hawatulii. Wanainuka, wanavimba, wanalenga tumbo na mkia. Na hata jike usimwache kwa dume. Atasumbuliwa kutwa hadi akonde. Mumeo alimtoa mara tu walipomaliza, sivyo?"

"Alimtoa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe haya yote aliyajua?"

"Yote."

"Miaka yote nimefagia pembeni ya masanduku haya. Sikumuuliza hata siku moja ile karatasi ni ya nini."

"Naye hakukwambia, mama. Alidhani muda upo."

Hapo ndipo wifi alipolia. Alilia kilio cha tangu hospitali, na daktari hakumnyamazisha. Binti alikuja akakaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake.

Jioni ile tulibandika karatasi mpya. Jogoo alianza kula tena baada ya siku chache. Ilikuwa vigumu kumpenda, lakini wifi alimlisha. "Yeye aliona adui tu. Aliyemleta ni mimi," alisema. Tulijifunza pia kunawa mikono kabla ya kuhama sanduku moja kwenda jingine, kwa maana harufu ya dume peke yake inatosha kumchafua mwenzake roho.

Daktari alimchungulia Malkia kwa chini akaona mayai mawili, meupe chini ya ngozi ya tumbo. Yalikuwa ya Mstaafu. Kaka alikuwa amewakutanisha kabla ya kuugua, na jike huweza kuhifadhi mbegu mwilini kwa muda mrefu. Tulimwekea kopo la udongo wenye unyevu ili atage, na nyenje wake tukawapaka unga wa kalsiamu. Mayai tuliyahamisha bila kuyageuza, tukayaweka mahali penye joto. Moja lilioza. Jingine likatoa mjusi mchanga, mwembamba, mwenye mistari.

Siku hiyo wifi alituita mimi na binti.

"Kaeni hapa. Nataka mjue kila ninachokijua."

"Wifi, mimi naogopa."

"Ogopa huku unajifunza."

Alimweka mtoto wa Mstaafu ndani ya bilauri ya kioo, akaiinua tumtazame kwa chini. Akatuonyesha, kama daktari alivyomfundisha, mahali ambapo dume, akikua, huwa na mstari wa vitundu kati ya mapaja, na vivimbe viwili kwenye shina la mkia. Kwa huyu havikuonekana, alikuwa bado mdogo. Akatufanya turudie, kama darasani.

Alipomaliza mijusi hakuacha. Akatuonyesha bomba la maji linafungwa wapi. Akatuonyesha ufunguo wa stoo, na swichi ya umeme inayoleta matata. Kisha akasimama mbele ya meza ya kazi ya kaka, akakishika kile kikatio chake cha vioo.

"Hiki sijui kinashikwaje," alisema. "Elimu hiyo ameondoka nayo."

Akakirudisha mezani. Halafu akaanza tena upya, kuanzia kwenye bilauri, kwa sababu mimi nilikuwa sijashika vizuri.