Nilitengeneza Kamera ya Mpenzi Wangu Bila Kumwambia

Stendi ya kamera ilinipata begani kabla sijasema karibu.

—Muuaji wewe! Kamera ililala kwako, umeharibu makusudi picha za harusi niliyolipwa kupiga!

—Mama watoto, tulia...

—Watoto gani? Roli nne nimepiga, mbili nimeshasafisha. Giza tupu! Bwana harusi amebaki meno!

Stendi ikarudi, safari hii puani. Nikaangukia meza ya ufundi, bisibisi zikatawanyika.

—Kisa bi harusi ni mpenzi wako wa zamani! Bado unamtaka!

Jamani. Kamera yenyewe, urithi wa baba yake, ilikuwa mvivu. Ukiipangia ifunge kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, inajivuta, mwanga unaingia mara nne zaidi. Wiki iliyopita nikaifungua kimyakimya, nikatoa mafuta yaliyoganda, nikalegeza na kukaza springi mpaka kipimo kikasoma sawasawa. Eti zawadi ya mapenzi.

—Mimi nimeitengeneza, sasa inafunga sawasawa! Siku zote ulikuwa unapigaje? nikauliza, damu inachuruzika.

—Nabana tundu la lensi hatua mbili, mwanga uingie robo tu. Baba alinifundisha.

Tukatazamana.

—Sikujua unabana!

—Sikujua umetengeneza!

Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Kaka wa bi harusi: "Nimesikia picha hakuna. Nakuja hapo kwa fundi wako. Andaeni jeneza."

—Roli mbili zilizobaki unazo? Ingia chumba cha giza. Ziache kwenye dawa muda mrefu kuliko kawaida, zitaamka.

Akajifungia ndani, mimi nikaziba mlango kwa nje. Hajamaliza kuzipanga kwenye kopo lisilopitisha mwanga, kaka mtu huyo, na nondo.

—Toka mlangoni!

—Shemeji, mwanga ukiingia sasa hivi, dada yako hapati hata picha moja!

—Nani shemeji yako?

Nondo ikatua mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Nikang'ang'ania kitasa kama kupe. Ya pili ikapita mdomoni na jino langu.

—Umefunika kopo?

—Bado!

Ya tatu, mgongoni.

—Nimefunika!

Nikaachia kitasa, nikalala sakafuni kama mkeka.

Baadaye kaka mtu aliinua filamu mbichi kwenye dirisha. Akamwona dada yake kifuani kwa mama yao, wote wanacheka. Nondo ikamtoka mkononi. Akalia kama mtoto.

Mpenzi wangu alikuwa ananifunga mkono kwa shali yake.

—Ukitaka kunipenda tena, uniambie kwanza.

—Nataka kukuoa. Haya, nimekuambia.

Akacheka huku machozi yanamtoka.

—Sawa. Ila atakayetupiga picha, kamera yake usiiguse.