Mbwa wa Auleria na Kanzu ya Balozi

Kila asubuhi Auleria alitoa cherehani yake barazani. Aliifuta vumbi, akaitia mafuta, akaanza kazi. Nyumba yao ilikuwa Temeke, pembeni mwa njia wanayopita watu wote: wa sokoni, wa kiwandani, wa msikitini na wa kanisani. Auleria alishona sare za shule pamoja na ushirika wa akina mama wa tawi la TANU. Mguu unakanyaga cherehani, mdomo unaamkia wapita njia. Na salamu zake, jamani, hazikuwa za kuonja. Mtu mwenye haraka alipita njia ya nyuma, maana akipita mbele ataulizwa habari za mke, za watoto, za kuku, na za jino lililomsumbua mwaka jana.

Kwao Auleria ni Bukoba. Kule mwanamke hamwamkii mkubwa akiwa wima, anapiga goti. Miaka yote ya Dar es Salaam haikumtoa tabia hiyo. Majirani walimcheka mwanzoni, halafu wakamzoea, halafu wakaanza kujivunia kuwa naye mtaani.

Mumewe, Ansbert, alikuwa karani bandarini. Yeye alikuwa mtu wa kunyooka. Shati limepigwa pasi, suruali imepigwa pasi, na ungedhani hata mgongo umepigwa pasi.

Wezi walipokomba kuku wao kwa mara ya pili, Auleria alisema sasa basi, anataka mbwa. Bahati nzuri, mchongaji mmoja aitwaye Gaspar alikuwa anarudi kwao Newala kuingia kijiji cha ujamaa. Aliwaachia mbwa wake, jike la kahawia ambalo halijatimiza mwaka. Jina lake lilikuwa Watasema. Gaspar alimpa jina hilo kwa sababu ya majirani zake, waliokuwa na maneno mengi.

Basi kuku hawakupotea tena. Mtu akisogelea banda, Watasema anabweka mpaka mtaa unaamka. Auleria alimpenda upesi, na hakuona haya kusema hivyo.

Lakini mbwa alikuwa na mambo mawili yaliyowashinda.

La kwanza ni mkojo. Auleria akirudi sokoni alipiga makofi na kuita, "Watasema mwanangu, hujambo? Umeshindaje? Ulinikumbuka?" Mbwa alitikisika mwili mzima, akarukaruka, na hapo hapo akakojoa sakafuni. Ansbert naye akirudi kazini alimsimamia mbwa kwa juu, kidole kimenyooka. "Nyamaza wewe. Kaa." Mbwa alilala chali na kumkojolea viatu.

"Ananidharau," alisema Ansbert. "Anafanya makusudi."

Akamshika mbwa shingo, akamsugua pua kwenye mkojo wake. Alisikia kwamba ndivyo mbwa anavyofundishwa. Kesho yake Watasema alikojoa aliposikia tu kengele ya baiskeli ya bwana huyo.

La pili ni kamba. Walimfunga kamba ya katani shingoni ili Auleria atembee naye. Akatembezwa yeye. Mbwa alivuta, mama akaburutwa, kandambili moja ikabaki njiani. Watoto waliuliza nani anampeleka nani.

Siku moja, Ijumaa, mzee Bakari alipita. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mpole na mwenye kuheshimiwa. Alikwisha kutawadha, amevaa kanzu nyeupe, anakwenda kusali. Auleria aliacha cherehani. Kamba ya mbwa ilikuwa mkononi mwake, naye akapiga goti.

"Shikamoo mzee Bakari. Habari za nyumbani? Habari za mama? Wajukuu hawajambo? Na ile homa je?"

Sauti yake ilipanda, na mbwa akapanda nayo. Kamba ikamponyoka. Watasema alimfikia mzee, mzee akainama na kunyoosha mkono ili amzuie. Mbwa akajiviringisha miguuni pake. Pindo la kanzu likalowa.

Auleria alijua vizuri maana ya jambo lile. Kanzu imeingia najisi. Mzee lazima arudi nyumbani, aoshe, abadili nguo, na adhana imekwisha kulia.

"Marahaba, mama," alisema Bakari taratibu. Alitazama pindo lake, akageuka, akarudi alikotoka. Siku ile swala ya Ijumaa ilimpita.

Kesho yake alirudi. Alisimama mbali kidogo na baraza.

"Mama Auleria, mie sina ugomvi na wewe. Ila watu wamenijia. Kabla yangu alilowa jirani yetu Mwanaasha khanga yake. Sasa sikiliza. Mwisho wa mwezi ujao mbwa wote watachanjwa kichaa cha mbwa, pale uwanja wa tawi. Kila mtu atamleta mbwa wake kwa kamba. Wako akija kwa utulivu, mie nitamtetea. Akifanya kama jana mbele za watu, itabidi aondoke mtaani kwetu."

"Nimesikia, mzee," alijibu Auleria. Hakuweza hata kuuliza habari za nyumbani.

Ansbert alisema wamtafutie mbwa mtu wa shamba, yaishe.

"Hatujamfundisha lolote," alisema Auleria. "Tumempigia kelele tu, mimi za furaha na wewe za hasira. Niache kwanza nimuulize anayejua."

Anayejua alikuwa Yuliana. Alifanya kazi idara ya mifugo, na alizunguka mitaani kwa baiskeli kuandikisha mbwa wa kuchanjwa. Watu walimwita Bibi Mifugo. Alipofika pale barazani, Auleria alimweleza yote.

Yuliana hakukimbilia kujibu. Aliuliza kwanza. "Mkojo unamtoka akiwa amelala?"

"Hapana."

"Anakunywa maji kupita kiasi? Mkojo una damu?"

"Hapana, dada."

"Ungesema ndiyo, ningemtazama kwa ugonjwa. Sasa nionyeshe. Ingia ndani, halafu toka unisalimie kama unavyosalimiaga wageni."

Auleria aliingia, akatoka, akasalimia. Alisalimia hasa. Hakufika habari za watoto, mbwa alikwisha kukojoa.

Yuliana alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, salamu zako ni tamu mno. Mbwa mchanga hazimudu."

Kisha akaeleza. Mbwa mchanga akizidiwa na furaha, mkojo unamtoka, wala hana habari. Ni kama mtoto mdogo anayecheka mpaka anajikojolea. Na akiwa na hofu ni vivyo hivyo. Wengi huacha wakikua, ikiwa watu hawawaharibu.

"Na hili la kulala chali na kunikojolea?" aliuliza Ansbert kutoka nyuma ya gazeti lake. "Hiyo ni furaha?"

"Hiyo ni heshima, mzee. Anakwambia wewe ndiye mkubwa, usimpige. Wewe ukimsugua pua, anaona hujamwelewa. Kesho anakwambia tena, kwa nguvu zaidi. Anakuamkia kila siku, nawe hujamwitikia marahaba."

Gazeti lilishuka kidogo.

"Tufanyeje basi?" aliuliza Auleria.

"Usimpige. Usimkaripie. Futa mkojo kimya kimya kwa maji na sabuni. Mpeleke nje akojoe mara nyingi, hasa mgeni akitarajiwa. Na ukirudi nyumbani, usimtazame wala usimsemeshe. Weka kikapu, vua viatu. Atarukaruka, mwache. Akitulia, miguu yote minne chini, ndipo umsalimie, kwa sauti ya chini. Na usimwinamie kwa juu. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, mkune chini ya kidevu."

Gazeti lilishuka lote. "Nimchuchumalie mbwa? Mimi?"

"Unapungua kidogo tu, mzee, ili asikuogope."

Ansbert alirudi gazetini. Alisoma ukurasa ule ule mpaka Yuliana alipoondoka.

Kuhusu kamba, Yuliana aliivua ile ya katani. Alionyesha mahali ilipomchubua mbwa shingo. Alitaka mkanda wa ngozi, mpana, wenye nafasi ya kupitisha vidole viwili. Mkanda wa zamani wa Ansbert ulifaa.

"Mbwa anavuta kwa sababu akivuta anafika," alisema. "Sasa asifike. Kamba ikikaza, simama kama nguzo. Usimvute, usimpigie kelele. Ikilegea, tembea. Akiwa karibu na goti lako, mpe dagaa. Anza uani, pasipo na watu, kwa muda mfupi. Akijua, mtoke njiani. Mtu akija, sogea pembeni, mpe mbwa nafasi na dagaa. Na ukiwa na kamba mkononi, salamu iwe fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Shikamoo. Basi."

Auleria aliona hapo ndipo penye kazi.

Walianza siku ile ile. Uani, Watasema alivuta kwenda bandani kwa kuku. Auleria akasimama. Mbwa alishangaa, akageuka kumtazama, kamba ikalegea, akapata dagaa. Wakatembea hatua chache, akavuta tena, mama akasimama tena. Kutoka mlangoni hadi bandani walichukua muda ambao mtu angepika ugali na kuula. Lakini siku zilivyokwenda, kamba ilianza kuning'inia.

Salamu zilimtesa zaidi. Mwanaasha alipita, akapewa shikamoo kavu na kimya. Akaenda kusema kwamba Auleria amekasirika. Ikabidi Auleria amfuate kwake, bila mbwa, amweleze. Mwanaasha akacheka, akajitolea kuja barazani kila jioni awe mgeni wa mazoezi. Alipiga hodi, akaingia bila kumtazama mbwa, akaketi. Siku ya kwanza sakafu ililowa. Siku za mbele ililowa kidogo. Halafu ikawa kavu, na khanga ya Mwanaasha pia.

Akabaki mtu mmoja tu. Ansbert hakumpiga tena mbwa, lakini aliendelea kumsimamia kwa juu.

"Mtaa mzima hakojoi," Auleria alimwambia siku moja. "Kwako tu. Anakuogopa, baba."

Neno lile lilimwuma Ansbert, maana hakuwa mtu mbaya.

Jioni moja Auleria alichungulia dirishani. Mumewe alikuwa uani. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akapandisha suruali yake magotini, akachuchumaa ubavu, uso kauelekeza ukutani kana kwamba anatafuta kifungo kilichoanguka. Watasema alimwendea polepole. Alimnusa mkono. Akaweka kidevu gotini pake. Ansbert alimkuna. Ardhi ilikuwa kavu.

"Marahaba," alisema Ansbert kwa sauti ndogo.

Auleria aliondoka dirishani kabla hajaonekana. Moyo wake ulikuwa umejaa.

Siku ya chanjo ikafika. Uwanja wa tawi ulikuwa vurugu tupu. Mbwa walibweka, walipigana, walizungusha kamba miguuni mwa watu. Mzee mmoja alivutwa na mbwa wake mpaka katikati ya wauza machungwa. Auleria alisogea pembeni, akamngoja Watasema atulie, ndipo akaingia katika mstari. Ansbert alikuwa nyuma yake. Kamba ilining'inia.

Karibu na meza ya Yuliana alisimama mzee Bakari. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Watu waligeuka kutazama, maana habari ya Ijumaa ile ilikuwa imezunguka mtaa mzima.

Auleria alitamani kupiga goti na kuuliza habari za kila mtu nyumbani mwa balozi. Aliyameza yote.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mama."

Akanyamaza. Watasema alimtazama mzee, mkia ukatikisika, akaketi. Bakari alisogea hatua moja, akasogea nyingine, akapita kando ya mbwa bila kumtazama, kama alivyoelezwa na Mwanaasha. Alifika upande wa pili. Akainua pindo la kanzu, watu waone. Lilikuwa kavu.

Ikabaki sindano. Watasema alipoona chupa na bomba la sindano alianza kutetemeka, tumbo likashuka chini. Auleria alishikwa na hofu. Yote yangeharibika hapo mwisho.

Ndipo Ansbert akapita mbele. Mbele ya tawi zima, mbele ya watu waliomjua kwa kunyooka, alichuchumaa mavumbini na kumpa mbwa ubavu. Watasema aliweka kidevu gotini pake. Mtu mmoja alicheka nyuma: "Karani, unampigia goti mbwa?"

"Ninamshikia achanjwe," alijibu Ansbert, bila kugeuka. "Wako yuko wapi?"

Bwana huyu ndiye aliyevutwa mwanzoni, na mbwa wake alikuwa bado kwa wauza machungwa. Sasa watu wakamcheka yeye. Yuliana alichoma sindano, akaitoa. Hakuna tone lililomwagika.

Mzee Bakari aligeukia watu. "Mbwa huyu anabaki mtaani kwetu," alisema. "Na nyie mnaoburutwa, msije kunilalamikia mie. Nendeni barazani kwa mama Auleria mkaulize."

Walirudi kwa njia ya mbele, ile ya watu wengi. Ansbert aliomba kamba, akaishika yeye. Mbwa alitembea karibu na goti lake. Fundi baiskeli alisimamisha kazi, akawatazama.

"Karani, mbwa wa adabu namna hii mmemnunua wapi?"

"Hakununuliwa," alisema Ansbert, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Amefundishwa. Amefundishwa na mke wangu."

Auleria alisikia. Aliinua kichwa, akatembea katikati ya njia.