Miwani Aliyoichagua Nasiba

Siku Aruna alipokutana na Nasiba, hakumwona hata kidogo, maana macho yote mawili yalikuwa yamejaa vumbi. Vumbi la Goma si la mchezo. Ni jeusi, la mawe ya volkano, na likiingia jichoni linakwaruza. Dereva huyo wa pikipiki alisimama katikati ya vurugu za soko la Birere, nusura aigonge meza ya miwani, akanyoosha mikono kama kipofu.

"Mama, maji! Unisaidie maji, nakufa!"

"Mama ni nani? Miye bado kijana, niko na miaka vingt-trois!"

Hata hivyo alimmiminia maji ya chupa yake viganjani. Aruna akanawa, akapepesa, akafumbua. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la kitenge cha manjano na mtandio mweusi mwepesi, miwani mitatu imening'inia shingoni, uso umekunjwa kwa hasira. Kijana akasahau kufunga mdomo.

"Kumbe haiko mama, ni mademoiselle. Unisamehe."

"Motard bila lunettes mu Goma hii? Kichwa yako iko muzima kweli?"

"Haiko muzima. Unichagulie basi."

Kwa Nasiba, kuchagua miwani haikuwa kazi ya kubahatisha. Alimgeuza Aruna huku na huku kama fundi anayepima suti. Ya duara ilimfanya afanane na mwalimu wa hesabu. Ya kioo cha buluu ilimkataa kabisa. Mwishowe akachukua nyeusi kuliko yote mezani, pana hadi kwenye panja, yenye kikaratasi cha dhahabu pembeni kilichoandikwa UV, alama ya kinga ya jua.

"Hii njo ya kweli. Kioo ikiwa nyeusi sana, jua haipite."

Aliyasema kwa moyo mweupe. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, Papa Assumani, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema aliyeleta katoni za miwani kutoka Kampala. Vikaratasi vya dhahabu vilikuja kando, katika rola, na Nasiba alivibandika mwenyewe kila Ijumaa baada ya swala, bila kuwaza lolote, kama mtu anayeshona vifungo.

Aruna alijitazama kwenye kioo. "Naonekana namna gani?"

"Kama chef wa quartier, mukubwa wa mtaa muzima."

"Na weye unaweza kupenda chef wa quartier?"

"Ulipe kwanza, chef."

Alilipa. Kesho yake alirudi, kwa kisingizio kwamba miwani ilihitaji kufutwa. Kesho kutwa hakuleta kisingizio chochote. Kwa miezi minane simu ya Nasiba haikupumzika.

"Allô, docteur wa macho yangu!"

"Umevaa lunettes zako?"

"Chérie, nazivaa mupaka mu mvua. Miye siwezi kutupa kitu ulinichagulia na mikono yako."

Nasiba alicheka mpaka Mama Apolline, mbadilisha pesa wa meza ya jirani mwenye taa ya zambarau ya kukagua noti, akamtupia kifuniko cha chupa. Kitu kimoja tu kilimkera: miezi miwili ya mwisho Aruna hakuivua miwani hata walipokaa kivulini. Nasiba alidhani ni maringo, na kusema kweli alidhani pia yanampendeza.

Basi ikafika Jumapili ya kuja kumposa. Nyumbani kwa Papa Assumani, mtaa wa Mabanga, sebule ilinukia pilau na ubani, na wazee wanane walikaa wamenyooka. Nasiba alichungulia nyuma ya pazia. Aruna aliingia na mjomba wake kutoka Majengo, kanzu nyeupe imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Na miwani nyeusi usoni.

Papa Assumani alijibu salamu, kisha akamtazama.

"Mutoto wangu, toa lunettes tukuone."

Aruna aliweka mkono kifuani. "Papa, unisamehe. Leo siwezi."

Mjomba akashtuka. Wazee wakaacha kutafuna.

"Huwezi? Unakuya mu nyumba yangu kuniomba binti, na macho unaficha? Ni bangi ao ni zarau?"

"Haiko bangi, papa. Haiko zarau."

"Toa basi!"

Sebule nzima ilimsubiri. Nyuma ya pazia Nasiba aliomba kimoyomoyo: toa, mpenzi, toa tu, kitu kidogo hicho. Aruna aliinamisha kichwa, miwani ikabaki usoni. Papa Assumani akanyoosha kidole mlangoni, na posa ikaishia hapo, chai haijapoa.

Nasiba alipigwa na butwaa. Alibaki ameshika pazia, hata machozi yalikataa kuja. Mwanaume aliyesema hawezi kulala bila sauti yake ameshindwa kuvua miwani kwa ajili yake! Wiki mbili Aruna alipiga simu, na wiki mbili Nasiba aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Baba alikuwa ameshasema: huyo, kamwe.

Siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi, Nasiba alikuwa akivuka barabara ya Katindo alipoiona ile pikipiki imeegeshwa ukutani. Aruna alikuwa amechuchumaa, anajimwagia maji usoni, miwani iko juu ya tangi. Nasiba alimwendea akiwa na matusi yake tayari. Aruna akainua uso.

Nasiba akayasahau matusi yote. Katika jicho la kulia, kinyama chekundu kilikuwa kimeota kutoka pembeni na kutambaa hadi kwenye mboni. La kushoto lilianza kufuata.

"Aruna! Mungu wangu, ni nini hii?"

"Ni vumbi tu." Alipapasa tangi akitafuta miwani. Nasiba akaiwahi.

"Usinidanganye! Ulienda ku hôpital?"

"Nilienda."

"Banasema nini?"

"Nasiba, unipe lunettes, niende nitafute wateja."

"Banasema nini, Aruna!"

Kijana akasalimu amri. "Infirmière, muuguzi wa macho, alipima ile lunettes na lampe, kama ya wabadilishaji pesa. Anasema ni giza tupu, kinga haiko. Giza inafungua mboni, halafu jua mubaya inaingia yote. Vumbi ilianza, lunettes ikamaliza. Akaniuliza, ni nani alikuuzia takataka hii?"

Nasiba hakusikia tena honi wala watu. "Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia niliokota mu njia."

"Na kwa papa... ungesema tu uko mugonjwa!"

"Angeuliza ni nini iliniumiza. Infirmière naweza kumudanganya. Muzee mwenye naomba binti yake, hapana. Sasa nimuambie, mbele ya wazee wenzake, ni mali yake? Ni mikono ya Nasiba?"

Nasiba aliondoka bila kuaga, miwani mkononi, karibu anakimbia. Alitaka iwe uongo. Alimfikia Mama Apolline akihema. "Mama, uniazime lampe yako na noti, billet ya vingt dollars."

Chini ya mwanga wa zambarau uzi wa noti uling'aa kijani. Nasiba akaweka kioo cha miwani ya Aruna kati ya taa na noti. Kinga ya kweli ingeuzima uzi; huu ukaendelea kung'aa, kana kwamba hakuna kitu hapo. Akachukua nyingine mezani, nyeusi, ya kifahari. Ukang'aa. Nyingine. Ukang'aa. Kati ya miwani arobaini, saba tu iliuzima ule uzi, tena ile hafifu ya rangi ya chai ambayo wateja waliicheka.

"Mama Apolline," alisema kwa sauti asiyoitambua, "miye njo nilibandika UV. Zote. Na vidole hivi."

Alifika Mabanga na taa ileile na ile noti, akaanza kupima miwani ya katoni mbele ya baba yake. Papa Assumani alicheka mwanzoni. Baada ya miwani ya nne aliacha kucheka. Baada ya kumi alikaa chini, juu ya katoni yake mwenyewe.

"Miaka sita," alisema. "Nimewauzia bantu wa Mungu hii kitu miaka sita. Na ule kijana alijua?"

"Alijua, papa. Akakubali umufukuze."

Mzee akavaa kofia yake. "Twende. Unionyeshe kwenye anaegesha."

Kituo cha pikipiki cha Majengo kilikuwa kimejaa madereva. Walipomwona Papa Assumani anakuja kwa miguu, kanzu inaburuzika vumbini, walizima redio. Aruna alisimama haraka na kufunika jicho kwa kiganja.

"Toa mukono, mutoto wangu," mzee alisema, polepole sasa. "Tafazali."

Aruna akautoa. Papa Assumani aliliangalia lile jicho bila kulikwepa, kisha akawageukia madereva na kupaza sauti.

"Munisikilize! Wote munavaa lunettes zenye alama ya dhahabu, mutoe. Ni zangu. Ni mubaya. Hii jicho niliiharibu miye."

Nasiba aliona mikono ikipanda usoni kuvua miwani, mmoja baada ya mwingine, na macho mengi mno, mengine mekundu, yakimtazama. Aliona aibu iliyomchoma hadi nyayoni.

"Na miye njo nilibandika," alisema. "Aruna, miye njo nilikuchagulia. Ukinikataa, uko na haki."

"Papa, Nasiba, bantu wanaangalia..."

"Waangalie," mzee alisema. Alivua kofia yake, jambo ambalo Nasiba hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya kijana yeyote. "Ulikuya kwangu kuniomba binti, nikakufukuza. Leo miye nimekuya kwako. Nakuomba, kama roho yako inaweza bado, umuoe."

Machozi yakaanza kumtoka Aruna, hasa kwenye lile jicho bovu, naye akainua mkono wenye mafuta ya injini ili ajifute.

"Usiguse!" Nasiba alipiga kelele, akamshika kiganja. "Mikono michafu hiyo, utaongeza!"

Na hapo, mbele ya madereva wote na baba yake mzazi, akakunja ncha ya mtandio wake na kumfuta mwenyewe, taratibu, kuanzia pembeni. Aruna akamwachia uso wake, na Papa Assumani, akilielewa jibu hilo, akawapa mgongo, akawaacha.