Kituo Katikati ya Mapigo

Jiwe alishazoea. Kila askari wa ukaguzi alipofungua lile begi lake refu, watu walikimbia kwanza, maswali yakaja baadaye. Asubuhi hiyo kwenye kituo cha treni foleni nzima ilitawanyika, na mama mmoja aliacha hata kiatu. Ndani ya begi, juu ya sponji nyeusi, ilikuwa imelala bunduki yake ya shabaha. Yeye mwenyewe alisimama pembeni na gauni lake la kijani na raba nyeupe, akitafuta kibali kwenye pochi bila haraka yoyote.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la mistari limenyooka kwa pasi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wewe mbona hukukimbia?" Jiwe alimuuliza.

"Nimesimama hapa tangu kulipokucha, dada yangu. Kufa nitakufa, lakini nafasi yangu kwenye foleni siachi."

Jiwe akacheka mpaka askari akamtazama vibaya.

"Mimi nilidhani ni gitaa," kijana akaendelea. "Nilikuwa najipanga nikuombe unipigie wimbo."

"Nikikupigia mimi, wa pili hutausikia."

Walipanda behewa moja. Waliposhuka, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake na kisingizio cha kuitumia.

Kijana alikuwa muuza dawa katika duka moja jembamba karibu na hospitali, na haikupita muda Jiwe akambandika jina la Vidonge. Jiwe naye hakuchelewa kumweleza habari zake mwenyewe. Alilelewa na mjomba wake, mwanajeshi mstaafu aliyemfundisha kulenga shabaha tangu akiwa msichana, na ambaye sasa ndiye kocha wa timu yake ya shabaha. Jina la Jiwe alipewa na wenzake, kwa sababu akishashika bunduki hata kope hazichezi. Mwaka huo timu ilikuwa inakwenda mashindano makubwa ya ng'ambo, na yeye ndiye aliyekuwa tegemeo. Hakuwa na ndoto nyingine maishani.

Penzi lao lilikua kwa simu.

"Umeamkaje, Jiwe langu?"

"Nimeamka peke yangu, Vidonge. Makosa hayo ni yako."

"Nije nikuone mazoezini?"

"Uje ufanye nini? Usinipigie hata simu kabla ya mazoezi. Moyo ukikimbia nakosa."

"Ina maana nikikusalimia tu, moyo unakimbia?"

"Kata simu, mtu mbaya wewe!"

Jioni moja, nyumbani kwa Vidonge, mvua ikigonga bati, Jiwe alimweleza siri ya kazi yake. Kila moyo unapodunda, alisema, ncha ya bunduki hurukaruka kidogo. Mlengaji hodari hungoja katikati ya pigo na pigo, hapo kila kitu kinaposimama, ndipo avute triga. Pale katikati yeye alipaita kituo.

"Wenzangu vituo vyao ni vifupi. Mimi Mungu kanipendelea. Nikitulia sana, mara nyingine kinakuja kituo kirefu, dunia nzima inanyamaza. Nikifyatua hapo, ni katikati ya shabaha, sikosi."

"Ngoja na mimi nikisikilize hicho kituo," Vidonge akasema kwa utani, akalaza sikio kifuani pake.

Jiwe akafumba macho, akizichezea nywele zake, akisubiri busu. Busu halikuja. Vidonge alikuwa ametulia mno, na alipoinua kichwa uso ulikuwa umemshuka.

"Mpenzi, hicho si kituo. Moyo wako unaruka pigo."

Daktari alisema hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Yale mapigo yaliyoruka hayakuwa kipaji, yalikuwa ugonjwa. Iko siku moyo ungeruka na usirudi. Dawa ipo, kidonge kila siku. Lakini dawa yenyewe hutuliza moyo na mkono, na kwa walenga shabaha imepigwa marufuku, kwa kuwa anayeimeza anahesabiwa mlaghai. Ilibidi achague moja, vidonge au bunduki.

Walitoka hospitali bila kushikana mikono.

"Nitaanza dawa nikirudi kutoka ng'ambo," Jiwe alisema.

"Na usiporudi?"

"Vidonge, nimeishi kwa ajili ya safari hii. Apa kwamba hutamwambia mjomba."

"Usinifanyie hivyo, mpenzi."

"Apa! La sivyo usinijue tena."

Vidonge akaapa.

Wiki ya mwisho ya mazoezi Jiwe alisimama kwenye mstari na koti lake gumu la kulengea, jicho kwenye tundu, akakingoja kituo. Kikaja kirefu kuliko vyote. Alifyatua, akapata, na alipotaka kushusha bunduki aliona shabaha zote zimekuwa kijivu. Akajishikiza kwenye meza. Alipogeuka kumtazama mjomba, mjomba aliinamisha kichwa.

Kesho yake jina lake likaondolewa kwenye timu. Sababu: afya.

Alimpigia Vidonge simu huku akitetemeka, yeye ambaye hakujua kutetemeka.

"Umemwambia!"

"Jiwe, nisikilize, mimi si..."

"Uliapa! Umeniua ningali hai. Usinipigie tena maishani mwako."

Na kweli hakupokea tena simu yake. Timu ikaenda, timu ikarudi mikono mitupu, na yeye akaitazama yote hiyo kwenye televisheni akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Dawa hakumeza. Kila usiku, kwa chuki tu, aliulalia mkono wa kushoto na kusikiliza vituo.

Mjomba ndiye aliyeuvunja ukimya huo. Aliingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mapajani.

"Unamkasirikia bure yule kijana. Hajawahi kuja kwangu."

"Nani alikwambia basi?"

"Mkono wako. Nakushika mshipa kabla ya kila mazoezi tangu utotoni, mwanangu. Nilijua zamani. Nikaona risasi nzuri zinafuata yale mapigo yanayoruka, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unashinda." Akaigeuza kofia mapajani. "Mama yako alianguka akiosha vyombo, moyo huo huo. Siku ile ulipojishikiza kwenye meza, niliona uso wa dada yangu."

Jiwe hakulia. Alivaa lile gauni la kijani, akachukua cheti cha daktari na kwenda.

Duka la dawa lilijaa watu. Alipanga foleni kama wengine mpaka akafika mbele. Vidonge alikuwa amekonda, shati halikuona pasi.

"Mjomba ameniambia si wewe."

"Si mimi."

"Kwa hiyo ungeniacha nife."

Nyuma yake mzee mmoja alikohoa. Vidonge alipokea cheti, akakiweka mezani.

"Nilifika mlangoni kwa mjomba wako, nikarudi. Niliogopa kukukosa."

"Ungenikosa kabisa!"

"Najua, Jiwe. Ndicho kinachoninyima usingizi."

Muda wote huo Jiwe alikuwa amemchukia kwa kosa ambalo hakulifanya. Sasa ilimbidi amsamehe lile alilolifanya, na hili lilikuwa zito zaidi. Alisimama pale mpaka mzee akauliza kama duka limefungwa.

"Nipe dawa," akasema.

"Kimoja kila asubuhi, ukishakula. Usiruke hata siku moja."

"Mpaka lini?"

"Maisha." Vidonge akazifunga dawa kwenye bahasha. "Utahitaji mtu wa kukukumbusha."

"Ndiyo posa yako hiyo? Mbele ya wagonjwa?"

"Ndiyo hiyo, kama utaipokea."

"Nitaipokea. Lakini nikikuapisha tena upuuzi, vunja."

"Nitavunja."

Walioana bila makeke. Asubuhi moja, kidonge kikiwa kimeshashuka, Vidonge alilaza sikio kifuani pake. Mapigo yalipita moja baada ya jingine, sawasawa, bila kituo popote.

Jiwe aliunyoosha mkono wa kulia kuelekea dirishani, kidole kimekunjwa kidogo. Haukucheza hata chembe. Haujawahi kutulia hivyo tangu azaliwe.

"Hapa nisingekosa," alisema.

"Najua," Vidonge akajibu, na kwa kuwa mkono ule uliendelea kubaki hewani, akaushika, akaushusha taratibu.